Mizuka, mauaji na wawili wanaopendana: uanze na mfululizo upi?

Watu wanaojua ninachopenda kusoma huniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wanataka riwaya yenye mauaji ya kuchunguza, yenye mizuka au uchawi, na katikati yake wapenzi wa jinsia moja wanaotunzana kwelikweli, wasioishia kaburini wala kuachana ukurasa wa mwisho. Tena wanataka mfululizo, si kitabu kimoja, kwa sababu ukishawapenda watu wawili hutaki kuagana nao upesi. Waanzie wapi?

Nami huwauliza: unataka kuwaona wakitunzana kwa namna gani? Maana muuaji atapatikana tu. Katika mifululizo minne nitakayoilinganisha hapa, hilo si la kuhangaikia. Kinachotofautiana ni usiku ule baada ya mzuka kuondoka: nani anatetemeka, nani anaamka kuwasha taa, na kama huyu wa pili anaamini anachoambiwa.

Waandishi wa aina hii wana mtihani wao. Katika hadithi ya kawaida ya mapenzi, wawili wakikubaliana, kitabu kimekwisha. Hapa wanakubaliana kitabu cha kwanza, halafu vinabaki vingine viwili, vinne, hata kumi. Mwandishi mvivu huwagombanisha kila kitabu kwa jambo ambalo wangelimaliza kwa mazungumzo ya dakika tano. Hawa wanne, kwa sehemu kubwa, wamepata njia nyingine, na ndiyo sababu nimewachagua.

Ya kwanza ni PsyCop ya Jordan Castillo Price, iliyoanza mwaka 2006 na Among the Living. Ya pili ni Whyborne & Griffin ya Jordan L. Hawk, riwaya 11, kuanzia Widdershins ya 2012 hadi Deosil ya 2019. (Ndiyo, ni Jordan wawili tofauti. Nimeshamwelekeza mtu kwa Jordan asiye wake zaidi ya mara moja.) Ya tatu ni A Charm of Magpies ya KJ Charles, riwaya tatu, ya kwanza ikiwa The Magpie Lord ya 2013. Ya nne ni Big Bad Wolf ya Charlie Adhara, vitabu vitano, kuanzia The Wolf at the Door ya 2018 hadi Cry Wolf ya 2021. Yote imeandikwa kwa Kiingereza, na wapenzi wakuu wote ni wanaume.

Nimeipima kwa mambo matano: fumbo lenyewe, aina ya mauzauza, namna wawili wanavyoshikana, urefu na mpangilio, na yale ambayo ni bora ujue kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. La tatu nimelipa nafasi kubwa makusudi.

Fumbo lenyewe

Ukija kwa ajili ya upelelezi hasa, Big Bad Wolf ndiyo inayokaribia zaidi riwaya ya polisi unayoijua. Cooper Dayton alikuwa FBI kabla ya kuhamia idara ya siri inayoshughulikia kesi za watu wanaogeuka mbwamwitu. Kuna mahojiano, kuna washukiwa, kuna mji mdogo wa Maine, jimbo la Marekani, ambako kila mtu anaficha kitu. Kitabu cha pili kinamrudisha nyumbani kwao, na mifupa ya mtu inafukuliwa uani kwa baba yake. Hapo mpelelezi anajikuta akihoji utoto wake mwenyewe.

PsyCop nayo ina askari, lakini askari mwenye njia ya mkato: Victor Bayne anaona wafu, kwa hiyo anaweza kumuuliza marehemu nani kamuua. Ungedhani hilo linaua fumbo. Halifanyi hivyo, kwa kuwa wafu ni mashahidi wabovu. Wengine hurudia tendo lile lile la mwisho, wengine hupiga kelele tu. Price anajua kulitumia hilo, ingawa fumbo katika vitabu vya mwanzo ni jepesi, na msomaji mzoefu ataweza kulinusa mapema.

Whyborne & Griffin inaanza na kitabu kilichoandikwa kwa maandishi ya siri, mali ya kijana tajiri aliyeuawa. Griffin Flaherty, mpelelezi binafsi aliyeacha kazi kwa akina Pinkerton, kampuni ya upelelezi ya Marekani, anakipeleka kwenye jumba la makumbusho ili mtaalamu wa lugha, Percival Endicott Whyborne, akifumbue. Mwaka ni 1897. Lakini usidanganyike na mwanzo huo mtulivu: kadiri vitabu vinavyosonga, swali linahama kutoka "nani kamuua huyu" hadi "mji huu utasalimika?" na hatimaye dunia nzima. Aliyependa lile fumbo dogo la mwanzo huenda akalikumbuka kwa huzuni kidogo.

Kwa Charles fumbo ni fupi na limekazwa vizuri. Mtu anamuua Lord Crane kwa uchawi, polepole, na orodha ya wenye sababu ni ndefu kwa kuwa baba yake na kaka yake walikuwa watu waovu waliochukiwa na wilaya nzima. Kitabu cha pili kina panya wakubwa ajabu ndani ya London, na kina watu wanaotishia kuwaumbua wengine ili wapewe fedha. Hakuna sura ya kujaza nafasi.

Mauzauza ya namna gani

Hapa chagua kwa kujijua. Ulimwengu wa PsyCop ni huu wetu, mji ni Chicago, ila vipaji vya kuona yasiyoonekana vinatambuliwa kiserikali. Watu hupimwa, hupewa daraja, na polisi huwapanga wawili wawili: mmoja mwenye kipaji, mmoja asiye nacho. Kwa mapenzi ya urasimu ninayoyaona katika riwaya chache sana, Price anaonyesha kipaji kama ajira yenye fomu, daktari na dawa. Vic anameza vidonge vinavyozuia wafu wasionekane, na vidonge hivyo vina madhara yake. Mizuka yenyewe inatisha kwa ukawaida wake. Imesimama pembeni ya barabara unayopita kila siku.

Hawk amechota kwenye kisima cha hofu ya ulimwengu mpana usiojali binadamu: madhehebu ya siri, viumbe vya kilindini, miungu ya kale iliyolala nyuma ya pazia jembamba. Kuna safari pia, Misri katika kitabu cha nne na Alaska katika cha sita. Ni mauzauza ya kusisimua kuliko ya kutisha.

Uchawi wa Charles uko mwilini. Stephen Day, mpenzi wa Crane, anauhisi kwa mikono yake, na kazi yake ni kuwadhibiti wachawi wanaonyonya nguvu za wengine. Ni kama polisi wa wachawi, wachache, waliochoka na wanaolipwa kidogo. Crane hana uchawi wowote, ila ana damu ya babu mwenye nguvu za kutisha, na tatuu za ndege ambazo hazikubali kutulia mahali zilipochorwa.

Kwa Adhara hakuna mizuka kabisa. Mbwamwitu wake ni watu wenye koo, wazee, siasa na adabu zao, wanaoishi miongoni mwetu bila umma kujua. Mtu asiyelala akisoma habari za wafu anaweza kupumzika hapa, ingawa majeraha ni ya damu kwelikweli.

Wanavyoshikana

Nianze na jambo dogo la PsyCop lililonifanya niendelee na mfululizo. Katika kitabu cha tatu, Body & Soul, Vic na mpenzi wake Jacob Marks wanatafuta nyumba ya kuhamia pamoja. Kwa wapenzi wengine suala lingekuwa vyumba na maegesho. Vic anaona wafu, kwa hiyo kila nyumba lazima aingie, atazame kona, atazame ghorofa ya chini, kisha amwambie mwenzake, mbele ya mtu anayewatembeza, kama humo mna mtu aliyekufa vibaya. Jacob haoni chochote. Anachoweza kufanya ni kumtazama Vic usoni na kuamini anachokiona pale. Nyumba inakataliwa, wanaenda nyingine. Sijui picha nzuri zaidi ya kumwamini mwenzako juu ya jambo usiloweza kulithibitisha. Ila Price si mjinga: Jacob anavutiwa na kipaji chenyewe pia, na Vic, aliyeumizwa kwa sababu ya kipaji hicho, huhisi tofauti kati ya kupendwa yeye na kupendwa anachoweza. Mvutano huo haumalizwi kwa busu moja. Unaendelea kwa vitabu, kama unavyoendelea katika nyumba halisi.

Whyborne na Griffin wanashikana kwa namna nyingine. Griffin alisema ukweli kuhusu kitu alichokiona kikimuua mwenzake, akafungiwa katika hospitali ya wendawazimu. Whyborne amekulia kwa baba tajiri aliyemdharau, na anaamini kwa dhati kwamba hakuna mtu atakayemtaka. Kila mmoja anaponya kidonda cha mwenzake, na hilo lingekuwa tamu kupita kiasi kama kidonda cha mmoja kisingegusa nguvu ya mwingine. Whyborne anagundua kwamba ana uwezo wa uchawi na anaupenda. Griffin ana kila sababu ya kuuogopa. Kumtunza mtu ambaye kinachomfanya ajiheshimu ndicho kinachokunyima usingizi: hilo ndilo somo la Hawk, naye halikwepi. Kisha yupo Dkt. Christine Putnam, mwanaakiolojia mwenye ulimi mkali, rafiki wa Whyborne. Yeye huupa mfululizo kitu ambacho mitatu mingine inacho kwa uchache: ukoo wa kuchagua, watu kadhaa wanaolindana, si wawili peke yao dhidi ya dunia.

Mapenzi ya Magpies yana ncha. Baba yake Crane aliiharibu familia ya Stephen, kwa hiyo Stephen anaanza kumsaidia huku akimchukia. Crane ni tajiri, mrefu, amekaa miaka mingi Shanghai na haogopi mtu. Stephen ni mdogo wa umbo, maskini, na ana nguvu ambazo Crane hawezi hata kuzikisia. Nani mkubwa hapa? Jibu hubadilika ukurasa hadi ukurasa. Utunzaji wao ni wa mtu anayetaka kutoa kila kitu mbele ya mtu asiyejua kupokea. Stephen huficha mambo, hufanya kazi hadi aanguke, hukataa fedha. Utamkasirikia. Nami nilimkasirikia, kisha nikatambua kwamba namfahamu mtu wa namna hiyo na kwamba huenda ni mimi.

Cooper na Oliver Park wanaanza kama wafanyakazi wawili waliolazimishwa kufanya kazi pamoja, mmoja wao akiwa na makovu ya makucha tumboni na mwingine akiwa mbwamwitu. Hofu ya Cooper ina sababu, lakini pia ina ubaguzi ndani yake, na Adhara hamwachi aondoke nao bure. Jambo zuri ni kwamba kujifunza kuzungumza kwao kunachukua vitabu vyote vitano. Katika cha nne wanatumwa kwa siri kwenye kambi ya ushauri nasaha kwa wapenzi wa ukoo wa mbwamwitu, wakijifanya wana matatizo ya kimapenzi. Kumbe wanayo kweli. Ni mchezo wa kuchekesha, na ni ujanja: mwandishi amewalazimisha kukaa kwenye viti na kuulizwa yale maswali ambayo mifululizo mingi huyakimbia.

Kuna tofauti moja ya kihistoria inayogusa haya yote. Wawili wa Price na wa Adhara wanaishi nyakati zetu. Wana familia zenye maswali, lakini hawajifichi polisi kwa sababu ya mapenzi yao. Wa Charles wako Uingereza ya Malkia Victoria, ambako sheria ya mwaka 1885 iliweza kumfunga mwanaume hadi miaka miwili pamoja na kazi ngumu, sheria ile ile iliyomfunga mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895, na uhusiano wa wanaume wawili haukuacha kuwa kosa huko hadi 1967. Kwa hiyo vile vitisho vya kuumbuana katika kitabu cha pili vina uzito wa jela halisi. Whyborne na Griffin nao wanajifanya mwenye nyumba na mpangaji, katika Massachusetts ya 1897. Inanipa faraja ya ajabu kukumbuka kwamba Massachusetts hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza la Marekani kuwaozesha watu wa jinsia moja, mwaka 2004.

Urefu na mpangilio

Yote isomwe kwa mfuatano. Magpies unaweza kuimaliza wiki moja. Big Bad Wolf ina mwisho ulio wazi na mzuri. Whyborne & Griffin ni safari ndefu iliyofika mwisho wake, kwa hiyo hutasubiri mtu aandike. PsyCop ina vitabu zaidi ya kumi, vya mwanzo vikiwa vifupi sana na vya baadaye vikinenepa.

Sauti nayo ni jambo la kuzingatia. Vic anasimulia mwenyewe, na ni mtu wa kujidharau kwa mzaha. Whyborne anasimulia mwenyewe pia, kwa lugha ya msomi wa karne ile, na baadaye Griffin anapewa zamu. Charles anaruka kati ya Crane na Stephen. Kwa Adhara uko kichwani mwa Cooper tu, kwa hiyo ukimya wa Park unabaki fumbo hata baada ya kesi kufungwa.

Ujue kabla hujaanza

Yote minne ina matukio ya chumbani yaliyoandikwa bila kuzungusha maneno. Ya Charles yana mchezo wa kutawala na kutii ambao si kila mtu ataupenda.

The Magpie Lord inafungua na mtu anayesukumwa na uchawi ajitoe uhai. Kama jambo hilo liko karibu nawe, anzia kwingine, na huna haja ya kumweleza mtu sababu. PsyCop ina utegemezi wa dawa, na kitabu cha tano kinarudi kwenye kituo ambako Vic aliteswa kwa jina la mafunzo. Nilikisoma mchana tu. Whyborne ina kumbukumbu za hospitali ya vichaa. Big Bad Wolf ina damu, na ina mtu anayeishi na mwili usiorudi ulivyokuwa.

Kwa hali yako

Una siku chache na hutaki kujifunga: chukua Magpies. Inafaa pia mtu anayependa lugha iliyonolewa na wapenzi wanaogombana kwa akili.

Unataka kuhamia ndani ya kitabu kwa miezi, ukutane na marafiki wale wale kila jioni: Whyborne & Griffin. Itakufaa hasa kama uliwahi kuwa mtoto wa vitabu asiyealikwa popote. Vumilia aibu za Whyborne katika kurasa za mwanzo. Haziishi, lakini zinapungua.

Unasoma riwaya za upelelezi na hujawahi kugusa mapenzi wala mauzauza: Big Bad Wolf ndiyo daraja fupi. Mpe hiyo pia rafiki anayedai kwamba hadithi za mapenzi hazina watu wazima ndani yake.

Unaishi na jambo ambalo wengine hawalioni, ugonjwa usioonekana kwa mfano, au kumbukumbu, na unataka kusoma kuhusu mtu anayeaminiwa: PsyCop. Usihukumu kwa kitabu cha kwanza pekee, fika kwenye ile ya kutafuta nyumba.

Unataka wanawake wawili: kati ya hii minne hupati. Tazama Kate Kane ya Alexis Hall, inayoanza na Iron & Velvet ya 2013, ambamo mpelelezi binafsi wa London anajikuta na mpenzi ambaye ni mnyonya damu mwenye cheo. Ni ya kuchekesha sana, ila maisha yao ni vurugu, na wapenzi wa zamani wanaingia na kutoka kama wapangaji. Sikuiweka kwenye ulinganisho kwa sababu utulivu wa wawili sicho inachouza.

Na kama ulishajaribu PsyCop ukaona Vic analalamika mno, usijilazimishe. Usiende kwa Cooper, naye ana yake. Usiende kwa Whyborne, atakumaliza. Nenda kwa Crane, ambaye anauawa taratibu ndani ya nyumba anayoichukia na kinachomuudhi zaidi ni jinsi mambo hayo yanavyoendeshwa ovyo.